Kibandiko juu ya viambato vya losheni yenu

Mombasa, 20 Februari 2025

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Mimi ni mpakaji hina hapa Mji wa Kale, na mikono ndiyo inayonipa riziki. Desemba nilinunua losheni yenu ya mikono katika duka la vipodozi karibu na Marikiti, nikawa najipaka asubuhi na usiku. Wiki ya tatu vidole vikaanza kuniwasha, kisha vikatoka malengelenge na ngozi ikapasuka. Nimeacha kazi za arusi nne. Moja nilikuwa nimeshapokea arubuni, ikabidi niirudishe.

Daktari wa ngozi kwanza alishuku piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, maana ina kemikali ya rangi iitwayo PPD na imeunguza wengi. Mimi piko siigusi; hina yangu naichanganya kwa ndimu na mafuta ya mkaratusi. Akanibandika plasta za majaribio mgongoni, kila moja na kemikali yake. Palipovimba ni pale penye kihifadhi kiitwacho methiliisothiazolinoni.

Niliporudi nyumbani niliichukua chupa yenu. Orodha ya viambato haikuonekana: kibandiko cheupe cha mwagizaji kimegandishwa juu yake. Nilikisugua kwa mafuta ya nazi mpaka gundi ikalegea, na pale chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, nikalikuta jina lilelile.

Umoja wa Ulaya umekipiga marufuku kihifadhi hicho katika vipodozi vya kupaka visivyosuuzwa tangu Februari 2017, kwa sababu ya mzio. Katika shampuu na sabuni kimewekewa kikomo cha asilimia 0.0015. Basi kwa nini sisi tupakwe siku nzima?

Sisemi losheni isiwekwe kihifadhi. Ina maji, na kwa fukuto hili la kaskazi ingeota ukungu upesi. Lakini vihifadhi viko vingi, na hiki nyinyi mmekichagua, kisha jina lake likafunikwa. Hilo la kufunika ndilo linaloniuma zaidi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya kujua ninachonunua. Ningelisoma jina lile, daktari angelikijua chanzo siku ya kwanza.

Nataka mnirudishie pesa za losheni na za matibabu, mnifidie arusi nne, na mviondoe vibandiko hivyo kwenye chupa zilizoko madukani sasa. Mnieleze pia kwa maandishi mnatia kiasi gani.

Chupa, kibandiko na barua ya daktari ninavyo. Siku 14 zikipita bila jibu, nitavipeleka KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Wenu,
Mteja, Mji wa Kale