Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Ushindani: losheni haifuti kovu la chanjo

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mimi ni msusi, nina saluni hapa Moshi. Nakuandikia kuhusu wanamitindo wanaotumika kuuza vipodozi. Vipodozi feki tunajua mnavikamata na kuviteketeza, na kwa hilo tunawashukuru. Kilio changu ni bidhaa halali, yenye nembo ya Shirika la Viwango, TBS, inayouzwa kwa kutumia mwili wa mtu ambaye hajawahi kuipaka.

Kuna bango kwenye duka moja la vipodozi karibu na stendi. Ni la losheni ya kuondoa madoa. Upande mmoja dada ameandikiwa "kabla", upande wa pili "baada ya siku 14". Wapita njia wanamtazama usoni. Mimi nilimtazama mkono. Kwenye picha ya kwanza lipo lile kovu la chanjo ya kifua kikuu ambalo wengi wetu tunalo tangu uchanga. Kwenye ya pili, mkono uleule, kovu halipo. Hakuna losheni inayofuta kovu la chanjo kwa siku 14. Ama picha imesafishwa kwa kompyuta, ama hao ni watu wawili. Tena ya kwanza imepigwa kivulini, midomo imekauka, dada kanuna. Ya pili imepigwa mbele ya taa, foundesheni juu, meno nje.

Kwenye nywele, ambako ndiko riziki yangu iliko, hali ni mbaya zaidi. Nywele za binadamu hukua takribani sentimita 1 kwa mwezi. Wateja wananiletea video kwenye simu: dada nywele zimemkatika pembeni, anapaka mafuta ya kukuza, wiki tatu baadaye zimefika mabegani. Nikiisimamisha video na kuivuta karibu, naona ukingo wa lesi kwenye paji la uso na gundi inang'aa. Ni wigi. Msusi yeyote ataliona, ila tangazo halikutengenezwa kwa ajili ya wasusi.

Binti mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni aliyanunua mafuta ya namna hiyo kwa shilingi 35,000. Chupa ilipoisha na nywele ziko palepale, hakumlaumu muuzaji. Aliniuliza, "Dada, au nywele zangu ndizo mbovu?" Hapo ndipo panaponiuma. Mtu ametapeliwa, halafu anauona mwili wake ndio wenye kasoro. Alipomrudia muuzaji, aliambiwa aongeze chupa ya pili.

Kwenye ngozi, chupa ya pili mara nyingi ni mkorogo, ile dawa kali ya kujichubua. Mtu akiona losheni haimfikishi kwenye rangi ya yule wa kwenye bango, anatafuta kikali zaidi, na vikali hivyo ndivyo vyenye haidrokwinoni na zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini kwetu. Zebaki inaharibu figo. TBS wanahangaika na mkorogo huku picha inayomsukuma mtu kwenye mkorogo imebandikwa mchana kweupe, na hakuna anayeigusa.

Siwalaumu mabinti wanaopigwa picha. Wengine ni wateja wangu, nawajua wana ngozi nzuri ya kuzaliwa. Wanalipwa hela kidogo na hawaulizwi kama wameitumia bidhaa. Mwenye tangazo ndiye wa kuulizwa. Na wale wanaonadi sokoni kwa spika nao waulizwe, maana "mteja" wanayemwita kutoka kwenye umati ili apakwe mbele za watu mara nyingine kashuka nao kwenye gari moja.

Sheria mnayo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, vifungu vya 15 na 16, inakataza kumhadaa mlaji na kuisifia bidhaa kwa manufaa isiyokuwa nayo. Wigi kwenye tangazo la mafuta ya nywele ni nini kama si hilo? Uingereza mwaka 2011, wasimamizi wa matangazo walizuia tangazo la kampuni ya vipodozi ya Lancôme lenye picha ya mwigizaji Julia Roberts kwa sababu kampuni haikuwapa picha ya kabla ya kusafishwa ili walinganishe. Norway, tangu Julai 2022, picha ya tangazo iliyobadilishwa umbo au ngozi ya mtu lazima iandikwe hivyo.

Ninachoomba ni kidogo kuliko cha Norway. Anayeonyeshwa "kabla" na "baada" awe mtu mmoja, aliyeitumia bidhaa hiyo kweli kwa muda uliotajwa. Asivae wigi kwenye tangazo la kukuza nywele, wala kope za bandia kwenye tangazo la wanja wa kope. Filta isitumike kwenye tangazo la ngozi. Na mwenye bidhaa atunze picha za asili, mkizidai azilete.

Mkihitaji macho ya kitaalamu, hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi tangu 1992. Kwa upande wa nywele, sisi wasusi tupo. Mkituma maofisa waje kukagua mabango ya mjini, nitafunga saluni siku hiyo nizunguke nao duka kwa duka, na nitaanza na lile la karibu na stendi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msusi, Moshi