Harambee ya buti na sensa za mtetemo: wanafunzi wanaishia getini

Ndugu wahitimu, wazazi na marafiki wa idara ya uhandisi,

Salamu kwenu nyote. Tunaona haya kurudi kwenu mapema hivi, kwa maana hata meza za karakana zilitoka mifukoni mwenu. Lakini muhula umeanza na vikundi vinaishia getini.

Kiwanda mshirika kimetupa changamoto ya kweli: beringi za pampu zake (vyuma vinavyoshikilia mhimili ukizunguka) zinakufa ghafla na kazi inasimama. Vikundi 6, kila kimoja wanafunzi 5, vinatakiwa kuchunguza, kuunda kifaa cha kutoa tahadhari na kukijaribu kwenye pampu yenyewe. Walinzi hawapitishi mtu asiye na buti za usalama, kofia ngumu na vizibo vya masikio, na wako sahihi. Kwa buti zilizopo wanaingia wawili, watatu wanasubiri nje. Hivyo anayechora kishikizo cha sensa, yaani kihisi cha mtetemo cha kifaa hicho, hajawahi kuiona pampu, na kishikizo chake kikifika kinagonga mapezi ya kupozea ya mota inayozungusha pampu.

Tabu nyingine ni sensa zenyewe. Zilizopo husoma mara 1,000 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo unaozidi mara 500 kwa sekunde haziwezi kuupima. Mota ya mizunguko 1,450 kwa dakika hutetema kama mara 24 kwa sekunde. Huo unaonekana vizuri. Beringi iliyoanza kuchubuka, hata hivyo, hujitambulisha juu zaidi, mara nyingi kwenye maelfu. Ukiibandika sensa kwa utepe laini ndiyo kabisa, dalili yote inamezwa. Zinatakiwa zinazopima mtetemo hadi mara 10,000 kwa sekunde, zifungwe kwa skrubu.

Mtauliza, kiwanda si kilipe? Kinatoa michoro, ruhusa ya kuingia na mhandisi wake kila wiki. Kikigharamia na vifaa, changamoto inageuka kibarua cha bei chee: mwenye fedha anachagua jibu kabla wanafunzi hawajauliza swali. Miradi mingi ya aina hii hufia hapo.

Mahitaji ni jozi 15 za buti, namba 37 hadi 45 (jamani, msilete 43 tupu, mabinti wanajaza soksi, na ngazi za kiwandani hazina huruma), kofia 10, vizibo vya masikio jozi 30, na sensa 12, yaani kila kikundi moja ya kutumia na moja ya akiba, kwani waya hukatika kwenye solda mota ikitetema.

Wahitimu wenzetu mnaosimamia matengenezo viwandani, hatutawataja majina. Mnajijua, na buti za akiba stoo mnazo.

Kila mchango utapewa stakabadhi. Orodha ya manunuzi itabandikwa mlangoni mwa karakana. Mwenyezi Mungu awajazie mlipopunguza. Ziara ijayo ni wiki ya 4 ya muhula, na vifaa vinapokelewa karakana siku zote za kazi.

Kamati ya Harambee