Malalamiko kuhusu stempu ya rupia 20, loti namba 214

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Minada,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: KUUZIWA STEMPU ILIYOSAFISHWA, KISHA KUHARIBIWA MEZANI PENU

Nakuandikia kwa heshima, na naomba heshima hiyo isidhaniwe kuwa nimeridhika.

Mthamini wenu alitia kidole mate akaisugua stempu yangu ya rupia 20 mbele ya wateja waliokuwa kwenye foleni. Ni ile ya Mfalme George wa Tano, East Africa and Uganda Protectorates, toleo lililoanza 1912. Loti yenye stempu hiyo nilikuwa nimeshailipia Sh38,000 bei ya nyundo, yaani bei ya mwisho iliyofikiwa mnadani, pamoja na kamisheni yenu ya asilimia 15. Niliifikisha mezani ndani ya bahasha ya plastiki, nikaitoa kwa kibanio, nikaomba jambo moja tu: iwekwe chini ya taa ya urujuanimno.

Orodha yenu ya mnada iliieleza kuwa "imetumika kwa posta, hali safi kabisa, muhuri wa Nairobi". Mtu yeyote anayefanya biashara ya stempu za Afrika Mashariki anajua kwamba thamani hizi kubwa hushukiwa kwanza. Enzi hizo barua ya kawaida ililipiwa kwa senti chache. Stempu za rupia 20 na kuendelea nyingi zilibandikwa kwenye hati ili kulipia ushuru, zikabatilishwa kwa kalamu ya wino au kwa muhuri wa ofisi ili zisitumike tena. Mlaghai huondoa wino huo kwa dawa, kisha hugonga muhuri bandia wa posta juu yake. Hii ndiyo sababu katalogi ya Stanley Gibbons hutenga bei ya iliyobatilishwa kwa ushuru na bei ya iliyopita posta, na ya ushuru huwa ndogo mno. Ninyi mlipokea bei ya posta.

Stempu hii ina dalili zote. Ukiinamisha kwenye mwanga wa dirisha, uso wa karatasi, uliopakwa chaki, unang'aa pembeni, lakini mkanda mmoja unaokatiza mshazari umefifia, na zambarau imepauka papo hapo. Kwa lenzi ya mara 10, nyuzi za karatasi kwenye mkanda huo zimesimama, na wino wa muhuri umetawanyika katikati ya nyuzi hizo badala ya kukaa juu ukiwa na kingo zilizokatika vizuri. Chini ya taa, mistari ya kalamu inajitokeza kama kivuli. Ukaguzi wote huo hauchukui muda wa kunywa kikombe cha chai. Haukufanywa.

Wala si hiyo tu. Kwenye loti hiyo hiyo mliorodhesha pauni 1 ya Kenya, Uganda na Tanganyika kuwa ya 1938, yenye kipimo cha meno ya kingo 11¾ kwa 13. Nimeipima: ni 14 pande zote, yaani ya kuanzia 1941, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya ile ya kwanza. Kipimo cha meno ni kuhesabu matundu katika sentimita 2. Kipande cha kadi chenye alama za kupimia kinatosha.

Na kabla ya mnada, niliandika kwa barua pepe nikiomba muda wa kuipeleka stempu ya rupia 20 kwa wataalamu kabla ya malipo kuwa ya mwisho, kama masharti yenu yanavyoruhusu. Hakuna aliyejibu. Nyundo ikagongwa, ankara ikaletwa siku iyo hiyo. Ankara zenu hazichelewi.

Sasa turudi pale mezani, maana hapo ndipo siwezi kunyamaza. Karatasi iliyopakwa chaki haiguswi na maji. Zambarau ile ya De La Rue, wachapishaji wa stempu hizi, iliwekewa wino unaoyeyuka makusudi, ili mtu asiweze kuisafisha stempu na kuitumia tena. Mtu mnayemlipa kwa kazi hii alilamba kidole, akakikandamiza juu ya muhuri, akasugua huku akiniambia, "Mama, muhuri halisi haufutiki, tazama mwenyewe." Nikamwambia aache. Akasugua tena. Alipoinua kidole kilikuwa na zambarau, na kichwa cha mfalme kilikuwa na doa. Muhuri ulibaki, naam, kwa sababu wino wa muhuri bandia nao haufutiki kwa mate. Mihuri ya bandia iitwayo ya Madame Joseph, iliyogongwa kwenye stempu ili zionekane zimepita posta, inajulikana na kila mthamini wa stempu za makoloni ya Uingereza, na haijawahi kuumbuliwa kwa kidole. Kisha akaniambia kwamba stempu iliyoharibika hairudishwi. Yeye ndiye aliyeiharibu!

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai bei ya stempu ya rupia 20 pekee. Sasa nadai fedha zote za loti 214, pamoja na kamisheni, na fidia ya doa, kwa kuwa hata thamani ndogo ya stempu ya ushuru mmeiondoa. Nadai pia maelezo ya loti hiyo yasahihishwe katika matokeo ya mnada mnayoyachapisha, ili bei ile isitumiwe kumdanganya mnunuzi mwingine. Na huyo mthamini asiguse mkusanyo wa mtu yeyote mpaka ajue kutumia kibanio.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko kwa bodi inayotoa leseni za madalali, nikiambatanisha picha za stempu kabla na baada ya kidole kile, pamoja na barua pepe mliyoipuuza. Wakati huo huo nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani. Dai langu liko chini kabisa ya kikomo chake cha Sh1,000,000, na mahakama hiyo hutakiwa kuamua ndani ya siku 60. Stempu imo kwenye bahasha yake, haijaguswa tena. Msimtume mtu kuja kuichukua. Hakimu ataiona kama ilivyo.

Wenu,
Mnunuzi wa loti 214