Mavyaa aniambia paka hana mdomo

Shangazi, shikamoo.

Hivi ninavyokuandikia ni saa tisa za usiku na mwanangu ndiyo kwanza apate usingizi, ameegemezwa mito mitatu kama mzee. Kifua kilikuwa kikilia filimbi tangu saa tano. Nimempa pampu ya buluu ya pumu, nikampa tena, nikakaa kuhesabu pumzi zake. Mavyaa yuko chumba cha pili na hajalala, maana naisikia tasbihi yake. Hakuja hata kuchungulia. Atangoja asubuhi aseme yale maneno yake.

Nyumba zetu za Mji wa Kale wazijua. Ukipiga chafya sebuleni, wa jikoni akuombea dua. Na paka huku kwetu si mnyama, ni mkaazi. Yule wa mavyaa nilimkuta nilipoolewa, dume jekundu, shingo nene, na tangu mwanangu ana miezi mitatu lilikuwa likilala miguuni pake. Mimi sichukii paka, Shangazi. Mtume (SAW) amesema si najisi, ni katika wanaotuzungukia, na hilo nalijua bila kusomeshwa na wifi yangu. Ni mimi niliyekuwa nikimwekea vichwa vya samaki, si yeye.

Lakini daktari ndiye aliyesema paka amdhuru mtoto. Alimtia mtoto vitone mkononi, akachoma kidogo juu ya kila kitone, tukangoja dakika 15. Vikafura viwili, cha paka na cha utitiri wa vumbi, na cha paka kilikuwa kikubwa zaidi, nimekiona kwa macho yangu. Akatueleza kuwa si manyoya kama tunavyodhani. Ni mate na mafuta ya ngozi: paka ajilamba, mate yakauka, yawa vumbi lisiloonekana, laelea hewani kwa masaa, lashika godoro, mapazia, hata nguo za mtu. Kumwosha paka hakufai kitu, siku chache yarudi yale yale (na tulijaribu, bwana'angu ana kovu la kucha mpaka leo). Basi paka akapelekwa Kisauni kwa wifi. Hakutupwa! Alipelekwa kwa tuktuk, ndani ya kikapu, na samaki wake.

Ndipo mavyaa aliposimama mlangoni, akanitazama mimi, si mwanawe aliyebeba kikapu, akasema: "Haya, mpelekeni. Paka hana mdomo."

Tangu siku hiyo, miezi miwili sasa, sijapata raha. Paka hana mdomo maana yake nini? Kwamba nimemsingizia? Kwamba kuna mwenye makosa mwengine ila yeye ana mdomo wa kujitetea? Nilimuuliza bwana'angu, akasema mama yake ni mtu mzima na mimi nachimba maneno.

Kila nilichoambiwa nimekifanya. Zulia la sebuleni, ambalo mavyaa aliletewa na nduguye kutoka Muscat, nimelikunja nikaliweka darini, na hilo nalo limekuwa kesi. Mashuka nayafua kwa maji ya moto kila wiki. Sakafu sifagii kavu tena, napiga deki kwa kitambaa kibichi. Godoro nimelivika foronya ya zipu, mtoto akigeuka lalia kama mfuko wa duka. Na siku paka alipoondoka nilifunga madirisha yote nikafukiza chumba cha mtoto udi siku tatu mfululizo, harufu ya paka itoke. Mama gani angefanya zaidi?

Na bado abanwa. Si kila siku. Alhamisi iliyopita alibanwa, na Alhamisi ya kabla yake, na ile wiki ya harusi ya kwa akina Mwana alibanwa siku nne, tukakimbilia hospitali. Hapo muuguzi akachukua chupa ya maji ya nusu lita, akaitoboa tundu kitakoni kiasi cha mdomo wa pampu, mtoto akawa avutia dawa kwenye chupa. Hiyo chupa ndiyo tunayotumia mpaka sasa. Mavyaa aliitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Na paka yuko Kisauni." Basi. Lakini mimi nikasikia yale yale: paka hana mdomo.

Daktari alisema paka akitoka leo, mabaki yake yaweza kukaa ndani miezi 4 hata 6. Nimewaambia. Hakuna anayesikia. Tena mavyaa kila Jumatano aenda Kisauni kumwona paka wake, ampakata, arudi na lile buibui lake limejaa manyoya, akae kitandani kwa mwanangu amsomee. Si ni yeye anayemleta paka nguoni? Jumatano aenda, Alhamisi mtoto abanwa. Hesabu si hiyo?

Wifi ana hesabu yake. Asema Alhamisi ndiyo siku ninayopika udi.

Ndiyo, napika udi, Shangazi, nauza, na ndio unaolipa karo ya huyo huyo mtoto tangu bwana'angu apunguziwe siku za kazi bandarini. Sukari ikishayeyuka natia unga wa udi na mafuta yangu. Madirisha nafunga, maana jirani yangu wa chini naye apika na ana pua ndefu, akishanusa mchanganyiko wangu Ijumaa auuza yeye. Na kila sufuria lazima niijaribu kwenye chetezo, siwezi kumuuzia bibi harusi kitu nisichokijua moshi wake. Lakini napika jikoni, mtoto yuko chumbani! Kwenye vile vitone vya mkononi udi haukuwemo. Kama udi una makosa, mbona haukufura? Daktari aliuliza kama nyumbani kuna moshi, nikamwambia twapikia gesi. Ni kweli, twapikia gesi. Sikusema uongo. Bwana'angu alikuwa amekaa kando, akaangalia viatu vyake.

Udi nimeurithi kwa mamangu, na mamangu kwa mamake, na sote tumelala kwenye moshi huo na hakuna aliyebanwa. Kanzu ya mwanangu ya Ijumaa nilikuwa naifukiza mwenyewe, akiivaa anukia kama bwana harusi mdogo. Wiki hii sikuifukiza. Sijui kwa nini sikuifukiza.

Na paka mwenyewe, nikwambie kweli, namkumbuka. Panya wamerudi. Juzi wametoboa gunia la sukari. Mtoto naye amlilia paka wake, na akilia ndipo abanwa zaidi, mpaka nikafikiri tumrudishe, alale nje ya chumba. Kisha nakumbuka kile kitone kilivyofura naghairi. Tena akirudi, mavyaa atasema ameshinda.

Sasa nisaidie: nimwambieje mama mtu mzima asimpakate mjukuu wake akirudi Kisauni, au avue buibui lile mlangoni, bila ya kunitolea yale maneno mbele ya watu? Nikinyamaza, mtoto aumia. Nikisema, nitaambiwa paka hana mdomo.

Kesho ni Alhamisi. Nina oda ya kopo 80 za harusi ya Jumamosi na pesa za mbele nimeshazila.

Nakuomba habari ya udi usinijibu. Nijibu habari ya mavyaa.

Mama Mwenye Mdomo,
Mombasa