Saa ya fomalini iandikwe kwenye fomu

Mhariri,

Majibu ya saratani ya matiti yakitoka, macho ya jamaa hukimbilia mstari mmoja: ni saratani ama siyo. Mistari inayoamua dawa iko chini yake, ER, PR, HER2 na Ki-67, nayo inaweza kuharibika kabla kinyama, yaani kipande kilichokatwa titini ili kipimwe, hakijafika maabara.

ER na PR ni vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni ndani ya seli. Slaidi, yaani kioo chenye utando mwembamba wa kinyama, ikishatiwa rangi, kiini cha seli chenye kipokezi huwa hudhurungi, kisicho nacho hubaki buluu. Hata asilimia 1 tu ya seli za saratani ikigeuka hudhurungi, jibu ni chanya, na mgonjwa anaweza kuanzishiwa tembe za kuzuia homoni kama tamoksifeni, miligramu 20 kwa siku, kwa kawaida miaka 5. Jibu likiwa hasi kwa makosa, anakosa dawa ambayo ingemfaa.

Makosa yenyewe huanzia kwenye chupa. Kinyama kiingie fomalini ya asilimia 10, dawa ya maji inayozuia nyama isioze, ndani ya saa moja tangu kitolewe, kikae humo saa 6 hadi 72. Kilichotolewa Alhamisi saa kumi jioni kikashughulikiwa Jumatatu asubuhi kimeshapitisha muda. Maji ya chumvi ya dripu si fomalini! Fomalini nayo iwe angalau mara 10 ya ukubwa wa kinyama. Titi zima lisitumbukizwe hivyo hivyo: fomalini hupenya takriban milimita moja kwa saa, basi nje huiva na ndani huoza. Lichanjwe vipande vya unene usiozidi sentimita moja. Na chupa iwe ya mdomo mpana, kwa maana nyama husukumwa ndani ikiwa laini, ikishakakamaa haitoki bila kuraruliwa.

HER2 ni protini inayochochea seli kukua, nayo hupewa alama: 0 au 1+ ni hasi, 3+ ni chanya. 2+ bado haijaamuliwa, inahitaji kipimo cha jeni.

Ki-67 ndiyo inayotisha watu bure. Huonyesha asilimia ya seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Ikiwa 5 au chini, uvimbe unakua polepole. 30 au zaidi, unakua kasi. Katikati hapo wanapatholojia (madaktari wasomaji wa slaidi) wawili wanaweza kuhesabu slaidi moja wakapata namba tofauti, kwa hiyo 18 badala ya 15 isiwe sababu pekee ya kumpeleka mtu kemo.

Tunaomba hospitali zijaze nafasi mbili kwenye fomu ya maabara: saa kinyama kilipotolewa na saa kilipotiwa fomalini. Jamaa anayekabidhiwa chupa aipeleke maabara mjini ana haki ya kuuliza kama zimejazwa. Na ER ikija hasi, daktari aulize iwapo mirija ya kawaida ya titi, ambayo huwa na ER, ilishika rangi kwenye slaidi hiyo hiyo. Kama haikushika, kipimo kirudiwe.

Wahudumu wa maabara ya patholojia,
Nairobi