DRO ya milingi ya nyumbani: pesa iweke kwa skeli, skrini baadaye

Hakuna wiki inapita bila mtu kutuuliza hii maneno kwa WhatsApp, "niko na milingi ndogo kwa gareji, niweke DRO gani?" na mara nyingi swali linakuja na picha ya skrini yenye rangi na mabatani mengi ameiona mtandaoni na bei ikampendeza. DRO ni digital readout, kifaa kinachosoma meza ya milingi (mashine ya kukata chuma kwa kata inayozunguka) imesonga kiasi gani na kuonyesha namba kwa skrini. Sisi kazi yetu ni kuuza na kufunga hizi vitu hapa Nairobi na tunafurahi ukinunua, lakini skrini ndio kitu ya mwisho ya kuangalia. Kinachopima ni skeli, ile fimbo inafungwa kando ya meza ya mashine, na kinachofanya skeli iseme ukweli ni braketi na vile imefungwa. Skrini inaonyesha tu chenye imeambiwa.

Kwanza tuelewane DRO inasaidia wapi. Milingi yoyote iko na plei kwa skrubu ya meza, unazungusha hendeli kidogo na meza haijasonga, na kwa mashine za mezani au zile za mitumba zimefanya kazi miaka mingi hiyo plei inaweza kuwa robo milimita na zaidi. Ukihesabu kwa namba za hendeli lazima kila mara uje kutoka upande mmoja, alafu uhesabu raundi. Chukua flanji ya kawaida, mashimo 6 kwa duara ya milimita 80, shimo la kwanza liko 40 kutoka katikati na la pili liko 20 kwa X (kushoto-kulia) na 34.641 kwa Y (mbele-nyuma). Kama skrubu yako inasonga milimita 4 kwa raundi hiyo ni raundi 8 na 2.641 juu yake, na simu ikilia katikati hapo ukashindwa kukumbuka kama ulikuwa ya 7 au ya 8, alumini yako imeenda. DRO inasoma meza yenyewe, skrubu haiingii kwa hesabu kabisa, kwa hivo plei haikudanganyi tena. Lakini plei bado iko! Ukikata kwa ule upande kata inavuta kazi, meza itaruka vile vile, kwa hivo funga loki za meza na ukaze gibu (ile bamba ya kuondoa ulegevu kwa reli za meza) kabla hata ya kufikiria DRO. Tumewahi kuambia mteja arudi nyumbani akaze gibu kwanza, na hiyo haikumgharimu chochote.

Sasa skeli. Ziko aina tatu zinapatikana na watu wa hobi wanazigusa zote.

Ile ya bei ya chini ni ya kapasitivu, ni kama ile vernia ya dijitali uko nayo kwa droo imerefushwa. Inasoma 0.01 mm, nyingi zinatumia betri ndogo, na adui yake ni maji. Kolanti (maji ya kupoza kata) ikiingia kati ya skeli na kichwa, ile sehemu inayoteleza juu yake ikisoma, namba zinaanza kuruka au zinakwama, na hakuna kutengeneza hapo zaidi ya kukausha na kungoja. Kwa mtu anakata plastiki na alumini kidogo bila kolanti, wikendi tu, inafanya kazi na hatuna ubaya nayo. Ukiwa na tableti ya zamani ya Android imekaa tu kwa nyumba, kuna programu inaitwa TouchDRO inageuza hiyo tableti kuwa skrini, unahitaji bodi ndogo ya saketi ya kuunganisha skeli na tableti kwa bluetooth, na tumeona vijana wanaojua kuchomelea waya wakifanya kazi safi sana hivo.

Ya pili ni ya kioo. Ndani ya ile fimbo ya alumini kuna kioo chenye mistari midogo sana, na kichwa kinapita juu yake na mwanga kikihesabu. Hii ndio utapata kwa seti nyingi zinazotoka Uchina, kawaida inasoma 0.005 mm, na kama imefungwa vizuri itakaa miaka. Iko na midomo ya mpira ya kuzuia uchafu, na hiyo midomo lazima iangalie chini ndio kolanti na chenga zisiingie. Shida yake ni mbili tu: haikatwi kupunguzwa, unanunua urefu wenye unahitaji, na fimbo yenyewe ni ndefu kuliko inachopima, kwa sentimita kumi na zaidi. Hapo ndio watu wengi wanaumia. Mtu anapima meza inasonga 300 mm, anaagiza skeli ya 300, ikifika anapata mwili wake unapita mwisho wa meza. Au mbaya zaidi ananunua fupi ndio iingie, na siku meza itafika mwisho kichwa kitagonga kifuniko cha skeli kwa nguvu yote ya hendeli, na kioo ni kioo.

Ya tatu ni ya sumaku, tepu nyembamba yenye sumaku ndani, inabandikwa kwa mashine na kufunikwa na ukanda wa stili isiyoshika kutu. Mafuta na kolanti haziisumbui, na unaweza kuikata urefu wenye unataka. Ukikata chuma sana inabidi uwe ukipanguza kwa sababu chenga ndogo zitashikamana nayo. Bei iko juu. Kwa mashine ndogo hata hivo sisi tunaipenda kwa Y, na sababu ni nafasi.

Hapa kwa nafasi acha niende polepole kwa sababu ndio inaamua mambo mengi. Skeli ya X iko na sehemu mbili ya kukaa, mbele ya meza au nyuma. Ukiweka mbele unaweza kufunika loki za meza na zile stopa, kitu ambacho kitakukera kila siku. Ukiweka nyuma inakaa imejificha vizuri, lakini fimbo na kifuniko chake zitakula nafasi kati ya meza na nguzo, na milingi ya mezani Y yake tayari ni fupi, ukipoteza sentimita 2 au 3 unazihisi. Kabla hujaagiza chochote, sukuma meza mpaka karibu na nguzo kabisa alafu uingize rula hapo nyuma upime. Kama hakuna nafasi, skeli nyembamba au ya sumaku ndio itakuokoa, hata kama bei imepanda kidogo.

Watu wanauliza pia kama wachukue ya maikroni 5 (yaani 0.005 mm) au ya maikroni 1. Kwa milingi ya hobi chukua ya 5 na hiyo pesa ingine nunua vaisi nzuri. Alumini inafura karibu maikroni 23 kwa kila mita kwa kila digrii ya joto, maana yake kipande cha milimita 100 ukikipima asubuhi ya Julai gareji ikiwa baridi, alafu ukipime tena kikiwa kimepata digrii 10 zaidi kwa sababu ya kukatwa na jua la mchana kwa mabati, kimeongezeka 0.023 mm. Kata yako inajipinda, nguzo inajipinda, na wewe unalipia namba ya mwisho kwa skrini icheze cheze ukiangalia. Maikroni 1 ni ya watu wa grainda na wale wako na chumba cha joto moja.

Kufunga tunaweza kukufanyia lakini wengi wenu mnataka kujifungia wenyewe na ni sawa kabisa, ndio raha ya hobi. Mgongo wa meza nyingi ni chuma cha kumwagwa kilichopakwa rangi, hakiko sawa hata kidogo, kwa hivo ukikaza skeli moja kwa moja hapo itajipinda kufuata ule ubaya. Toboa, kata nyuzi za bolti ya M5 kwa chuma, kaza bolti kwa mkono tu, alafu weka daili geji kwa spindo (shafti inayoshika kata) iguse mgongo wa fimbo na usongeshe meza kutoka mwisho mpaka mwisho ukiangalia mshale. Tunataka isizidi 0.1 mm kwa urefu wote. Ikizidi weka shimu, kipande chembamba cha kujazia, na kipande cha mkebe wa soda kiko karibu na 0.1 mm unene wake, kinafanya kazi poa. Alafu urudie daili juu ya fimbo, kwa upande wa wima. Watu hufikiria hii kunyoosha ni ya kufanya vipimo viwe sawa, kumbe skeli ikienda upande milimita 1 kwa urefu wa 500 kosa la kipimo ni maikroni 1 tu. Tunanyoosha kwa sababu kichwa kikivutwa upande kila siku kinajisugua na kuharibika.

Braketi ya kichwa iwe nene. Ile ya bati iliyokunjwa inayokuja kwa seti nyingine inatingika, na ikitingika hata nusu ya kumi ya milimita basi DRO yako inasoma mtingiko. Alumini ya milimita 8 au 10 unaikata hapo hapo kwa mashine yako, na kama huna hii kipande nenda Kariobangi Light Industries kwa wale wa kumwaga na kukata, hukosi.

Z, yaani juu na chini, nayo mnaiuliza sana. Kama bajeti ni kidogo anza na X na Y, Z weka ile ya kapasitivu ya bei rahisi kwa kwili (ile sehemu inayoshusha spindo), kwa sababu huko juu kolanti haifiki sana. Na wenye milingi za nguzo ya mviringo tafadhali jueni hii: ukiinua kichwa kinaweza kuzunguka kwa nguzo, spindo inahama, na skeli za X na Y haziwezi kujua kwa sababu meza haijasonga. Hakuna DRO inatibu hiyo, itabidi utafute ukingo upya kila ukiinua.

Stima ya huku kwetu nayo iko na tabia zake. Skrini nyingi zinakumbuka pale zilikuwa stima ikipotea, lakini ukigusa hendeli ikiwa giza hiyo safari haijahesabiwa, kwa hivo toa mikono. Skeli nyingi za kioo ziko na alama za kurejea, jifunze kutumia batani ya REF siku ya kwanza kabla hujaihitaji. Na kama uko na mota ya fezi tatu inayoendeshwa na inveta kwa stima ya nyumba, namba kuruka zenyewe mara nyingi ni kelele ya inveta: angalia athi ya mashine na ya skrini, na usipitishe kebo ya skeli pamoja na ya mota.

Skrini sasa. Zote karibu zina kugeuza milimita na inchi, ABS na INC (kupima kutoka sifuri kuu au kutoka pale umesimama), mashimo ya duara, na batani ya nusu. Hiyo ya nusu ndio utaitumia kila siku, unagusa upande mmoja wa kazi unaweka sifuri, unagusa ule mwingine, unabonyeza nusu, na katikati ndio sifuri yako, bila hata kutoa unene wa kile kifaa cha kutafutia ukingo. Hizo kumbukumbu 200 za pointi na kadhalika usizilipie zaidi.

Ukitaka tukusaidie kuchagua, tutumie meza inasonga milimita ngapi kwa X na Y kutoka mwisho mpaka mwisho, nafasi iliyo nyuma ya meza, picha ya mgongo wa meza na ya pembeni, na useme kama unatumia kolanti na kama mota iko na inveta. Jina la mashine peke yake halitoshi, kwa sababu mashine moja inauzwa kwa majina mengi na meza za urefu tofauti.