Sindano ya kinga ya VVU ipelekwe kliniki ya uzazi wa mpango

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msusi, Mbagala. Kichwa kimoja cha rasta ndogondogo hunichukua saa tano, wakati mwingine sita, na katika saa hizo mwanamke husema mambo ambayo hata dada yake hajayasikia. Tangu habari za sindano ya kujikinga na VVU zianze kuenea, nasikia neno lilelile: wanaitaka, ila wanauliza itatolewa wapi. Wanamaanisha chumba gani, na benchini watakaa na nani.

Mteja wangu mmoja ni mke wa dereva wa malori ya Tunduma. Mume hurudi baada ya wiki mbili, tatu. Mama huyu alianza vidonge vya PrEP, yaani dawa ya kumkinga na VVU mtu ambaye hajaambukizwa, kimoja kila siku, akalificha kopo kwenye ndoo ya unga. Kopo lenyewe linafanana na yale ya dawa za kufubaza virusi, na ukilitikisa linalia kama kayamba. Wifi yake alipokwenda kuchota unga wa uji akalikuta. Kabla ya magharibi ukoo mzima ulikuwa umeshaambiwa kwamba mke wa kaka yao ameathirika. Alipoeleza kuwa ni dawa ya kinga, mumewe akamuuliza, "Unajikinga na nani, kama si mimi?" Vidonge viliishia chooni.

Simlaumu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta wanawake wenye VVU nchini ni asilimia 5.6 na wanaume asilimia 3.0, miongoni mwa watu wa miaka 15 na zaidi. Maambukizi mapya yalikadiriwa kuwa 60,000 kwa mwaka. Wake za watu wamo humo.

Kuhusu nguvu ya sindano, nimesoma na nimeuliza. Sindano ya kwanza, kabotegraviri, huchomwa takoni kila baada ya miezi miwili. Katika utafiti uliofanyika nchi saba za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, wanawake zaidi ya 3,200 walishiriki: upande wa sindano walioambukizwa walikuwa 4, upande wa vidonge 36. Ya pili, lenakapaviri, huchomwa mara mbili tu kwa mwaka. Matokeo ya Afrika Kusini na Uganda yalipotangazwa mwaka 2024, kati ya wasichana na wanawake vijana 2,134 waliochomwa hakuna hata mmoja aliyekuwa ameambukizwa. Vidonge navyo hukinga vikimezwa inavyotakiwa, lakini wengi katika tafiti hizo hawakuweza kuvimeza kila siku. Wanaotaka kujua kwa nini waje waketi saluni kwangu Jumamosi moja.

Sindano yenyewe haiwatishi wanawake wa Dar. Tumezoea sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango. Unatoka sokoni, unapitia kliniki, unachomwa, unarudi nyumbani na mchicha wako, na hakuna kopo la kuficha. Ndiyo maana naiomba Wizara ya Afya: sindano ya VVU ikianza kutolewa katika zahanati zetu, itolewe palepale tunapopata uzazi wa mpango na tunapopeleka watoto kupimwa uzito. Yule mteja wangu alipofuata vidonge kwa mara ya kwanza alielekezwa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, akamkuta jirani yake benchini, akageuza. Ilimchukua miezi miwili kurudi. Sisemi kukaa pale ni aibu. Mdogo wangu anatumia dawa na ninamsindikiza mwenyewe. Lakini mtu anayetafuta kinga kwa siri asilazimishwe kujieleza kwa mtaa mzima. Vilevile dawa hii isitangazwe kana kwamba ni ya wanaofanya biashara ya ngono pekee. Nao wanaistahili, ila mke wa mtu akisikia tangazo la namna hiyo hataisogelea.

Hofu zipo, na zijibiwe kwa ukweli. Wakisikia lenakapaviri huchomwa tumboni, wanadhani itaharibu kizazi. Huwekwa chini ya ngozi tu, na wapo waliopata mimba wakiwa ndani ya utafiti wakaendelea nayo. Huweza kuacha kivimbe kinachoshikika kwa vidole, tena kwa muda mrefu. Muuguzi aliseme hilo mapema, kwa sababu mume naye ana vidole. Aseme pia kwamba dawa ikishaingia haitolewi, kwamba ni lazima kupima VVU kwanza, kwamba haizuii mimba wala kaswende. Na aseme kuwa ukiacha tarehe zako zikapita, dawa kidogo hubaki mwilini kwa miezi mingi bila kutosha kukinga, na ukiambukizwa wakati huo virusi vinaweza kuizoea. Tukifichwa haya leo, tutayasikia kesho kwa majirani yakiwa yamevimba mara kumi.

Bei si kisingizio tena. Mwaka 2025 yalitangazwa makubaliano ya kuuza lenakapaviri inayotengenezwa na viwanda vingine, si ile ya kampuni iliyoigundua, kwa dola 40 kwa mtu kwa mwaka kuanzia 2027, yapata shilingi laki moja.

Wiki iliyopita mke wa dereva alikuja kufumua. Alikuwa ametoka kuchomwa sindano yake ya miezi mitatu. Akahesabu kwa vidole: tarehe mbili za uzazi wa mpango ni miezi sita, tarehe moja ya lenakapaviri ni miezi sita. Akaniuliza kama ataweza kuchomwa zote siku moja, kwa muuguzi yuleyule, kwa kadi ileile ambayo mumewe ameshaizoea. Sikuwa na jibu. Naomba wizara inijibu kupitia gazeti lako, nimsomee akija kusuka tena.

Msusi,
Mbagala, Dar es Salaam